Kitambaa cha Maji kwenye Mrija wa Damu

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alinichoma sindano. Yeye ni mtu wa maabara kama nilivyokuwa mimi, ila yeye amesomea chuoni na mimi nilisomea kufokewa. Alijaza kichupa, akakipachika kwenye mashine, akarudi kukaa. Nikamuuliza, "Sasa?"

"Sasa tunasubiri, Babu. Mashine itatuambia kama moyo wako uko hatarini."

Nikainuka, nikasogea nione. Akaanza kucheka. "Babu, hakuna cha kuona. Itatoa namba tu."

Namba ikatoka, na moyo wangu kumbe bado unanivumilia, Mungu ashukuriwe. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nanung'unika. Nilimwambia Neema kwamba sisi hatari ya moyo tulikuwa tunaiona kwa macho, inashuka ndani ya kioo mbele yetu, na ndugu wa mgonjwa wanaiona pia. Akanijibu, "Basi waandikie wenzangu wanaoanza kazi, Babu, badala ya kunimalizia maneno mimi." Haya, vijana, nawaandikia. Mkichoka kusoma, lawama zenu kwa Neema.

Nilianza kazi mjini Morogoro miaka ya hamsini ikiwa bado michanga. Maabara ya hospitali yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi, chenye dirisha linalotazama Milima ya Uluguru. Tulikuwa na darubini moja, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, na mirija ya kioo, mirefu na myembamba, yenye mistari ya kupimia. Mirija hiyo ndiyo habari yangu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unachukua damu ya mgonjwa, unaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, unaivuta ndani ya mrija, unausimamisha wima, unatazama saa. Chembe nyekundu zinaanza kuzama, na juu yake yanabaki maji ya manjano. Baada ya saa moja unasoma zimezama kiasi gani. Damu ya mtu mwenye afya huzama kwa uvivu. Damu ya mtu ambaye ndani yake kuna kitu kinawaka huporomoka. Haikuambii ni nini kinachowaka. Inakuambia tu kwamba moto upo, au moto umepungua.

Wagonjwa wetu wa moyo wengi walikuwa vijana ambao baridi yabisi iliwaanza kwenye magoti na viwiko, ikaja ikahamia kifuani. Kwao hilo la moto ndilo lilikuwa swali lenyewe. Ukiwa bado unawaka, mgonjwa alale. Akiamka mapema akabeba kuni, akapanda mlima, moyo unaharibika na haurudi tena. Dawa zilikuwa aspirini, kitanda na subira, na baadaye penisilini ilipoanza kupatikana. Kwa hiyo kila wiki daktari alituuliza sisi wa chumba cha nyuma: damu ya fulani inasemaje? Na jibu letu ndilo lililomweka mtu kitandani au kumrudisha kwao.

Aliyenifundisha ni Bwana Salumu. Alikuwa mtu wa mjini hapahapa, mfupi, kofia yake nyeupe siku zote imenyooka kichwani kama imepimwa. Kazi aliijulia kwenye hospitali za jeshi wakati wa vita vya pili, na kufoka nadhani alikujulia hukohuko. Siku yangu ya kwanza aliniita "wewe kijana wa mlimani." Siku ya pili akaniita Anselmi. Kuanzia siku ya tatu akanifokea kama mwanawe, na mpaka leo sijapata zawadi kubwa kuliko ile. Kila kitu nilichojua nilikipata kwa yule mtu, na ninaposali simwachi nje, ingawa yeye alisali kwake na mimi kwangu.

Ninyi mna vifaa vya kuvutia damu kwa kidole gumba. Sisi tulivuta kwa mdomo. Ndiyo, mdomo! Msikunje nyuso, nasema ilivyokuwa. Ukivuta kwa pupa, damu inakufika ulimini. Nimeonja damu za watu wa Matombo, Mkuyuni na Mzumbe, na naweza kuapa kwamba zote zina ladha moja. Msijaribu, nawasihi. Tulinusurika kwa rehema ya Mungu, si kwa akili zetu.

Sasa mwezi wa Ramadhani ukiingia, Bwana Salumu hakutaka kitu chochote kipite mdomoni mwake, na damu ndiyo kabisa. Basi mwezi mzima mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa maabara. Yeye anapanga mirija, mimi navuta. Na jioni, kwa malipo ya mdomo wangu, mkewe aliniwekea sahani ya futari, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Paroko wangu aliwahi kuniuliza kwa nini mwezi ule nanenepa.

Kuna siku damu zote zilikimbia. Mgonjwa wa kwanza, damu inaporomoka. Wa pili, hivyohivyo. Mpaka kijana aliyekuja kushonwa kidole, mzima kama ng'ombe, damu yake ikaenda mbio. Mimi nilikuwa tayari kwenda kwa daktari kumwambia kuna ugonjwa mpya umeingia mjini. Bwana Salumu akanitazama hivi, akatoka. Akaenda pale mafundi walipokuwa wanajenga jiko la hospitali, akarudi na timazi ya mwashi, ule uzi wenye kizito cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Akaining'iniza kando ya mirija. Looh! Mirija yote imeinama. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umeliwa na mchwa kwa ndani, na mrija ukiinama hata kidogo tu, damu inateleza ubavuni mwa kioo na kushuka haraka.

"Anselmi," akasema, "kabla hujamwogopea mgonjwa, iogope meza."

Tangu siku ile tulikuwa na timazi yetu wenyewe, imetundikwa kwenye msumari. Mashine zenu nazo zina miguu yake, vijana. Mchwa wake mnawajua ninyi.

Kosa la pili la kujifunza lilikuwa kinyume cha hilo. Aliletwa mzee mmoja mfanyabiashara wa ndizi kutoka Mkuyuni, miguu imevimba, anahema akiwa amekaa. Damu yake ikashuka taratibu, vizuri kabisa. Nilifurahi. Nikasema mbele ya watu, "Mzee huyu hana shida kubwa." Bwana Salumu akanishika sikio, kweli kabisa alinishika sikio, akanipeleka mpaka kitandani kwa mzee. "Tazama miguu. Tazama shingo inavyopiga. Moyo ukishindwa kabisa, damu nayo inaweza kutulia, ukadhani ni amani. Kipimo kinasema neno moja. Maneno mengine yako kitandani." Mzee yule hakukaa sana, Mungu amrehemu. Tangu hapo Bwana Salumu alikuwa na desturi, na mimi nikaichukua: kabla ya kusoma mrija wa mgonjwa wa moyo, unakwenda kwanza wodini kumtazama mwenye damu.

Mnashangaa kwa nini nazunguka. Nazunguka kwa sababu bila hayo mawili hamtaelewa habari ya Agata, na habari ya Agata ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kazi hii mpaka kustaafu.

Agata aliletwa kwa machela kutoka milimani juu ya Matombo. Walimbeba mpaka Mkuyuni, wakapata lori la kuja mjini. Alikuwa msichana aliyevunja ungo karibuni tu, mwenye macho makubwa na maneno mengi hata akiwa anahema. Mama yake alikuwa amefariki. Aliletwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Skola, na mjomba wake, Petri.

Wengi wenu mnajua, na asiyejua ajue, kwamba kwetu Uluguru ukoo unafuata upande wa mama. Mashamba, jina, na heshima ya nyumba hupita kwa wanawake. Katika nyumba ile alikuwa amebaki msichana mmoja tu, Agata. Mjomba Petri angeweza kuwa na watoto kumi, lakini wangekuwa wa ukoo wa mke wake. Agata akifa, au akikosa kuzaa, nyumba ya Bibi Skola ilikuwa inafungwa. Hilo lilikuwa juu ya vichwa vyao siku ile walipomshusha pale kwetu, na si jambo dogo.

Daktari wetu, Mzungu mpole aliyezungumza Kiswahili cha kuchekesha lakini akisikiliza kwa masikio yote mawili, alimpima, akaagiza atolewe damu. Bibi Skola akasimama mlangoni akanyoosha mikono.

"Damu haitoki hapa."

Mnajua habari za mumiani. Siku zile watu waliamini kabisa kwamba kuna watu wanaokamata binadamu na kuwatoa damu iende kutengenezewa dawa, na sisi wa maabara, wenye sindano na vichupa, tungekuwa nani kama si hao? Nimewahi kupita sokoni Morogoro nikasikia mama anamwambia mtoto, "Nyamaza, yule anapita." Mimi! Mtoto wa mkulima wa maharage!

Nilitaka kubishana. Bwana Salumu alinizuia, akamsogelea bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Damu ya mtu ina mwenyewe, mama. Sitaichukua kwenda nayo. Ikitolewa, utaibeba wewe mwenyewe kwa mkono wako mpaka chumbani kwetu. Utakaa nayo. Ikimaliza kazi, utaimwaga wewe mwenyewe unapotaka, uifukie. Hakuna atakayeigusa nje ya macho yako."

Bibi akashusha mkono mmoja. "Hata tone?"

"Hata tone."

Hiyo ndiyo ikawa njia yetu, na tuliitumia hata kwa wengine baada yake. Kila wiki Bibi Skola alikuja na kichupa amekishika kwa mikono miwili kama anabeba yai. Anaingia, "Tumsifu Yesu Kristo," mimi naitikia, "Milele amina," Bwana Salumu naye anamwitikia kwa salamu yake, bibi anakaa kwenye kigoda kando ya mrija na rozari yake. Saa nzima anatazama. Mwishoni anatoka na damu kwenda kuifukia nyuma ya jiko. Haikuchukua muda akawa anajua kusoma mrija. "Leo imekimbia tena," ananiambia kabla sijafika. Na alikuwa sahihi. Damu ya Agata ilikuwa inaporomoka wiki baada ya wiki, na daktari alikuwa anasema neno lilelile: alale, asitie mguu chini.

Tatizo likawa Agata mwenyewe. Viungo viliacha kuuma, kuhema kukapungua, na msichana akajiona mzima. Akaanza kulia anataka kwao. Analia asubuhi, analia bibi anapomlisha uji. Mjomba Petri akashuka kutoka mlimani, akasikia kilio kile, akasema na daktari kwa hasira.

"Tulimleta anahema, sasa hahemi. Mnamfuga hapa wa nini? Mwali wetu hajachezwa ngoma, shamba la mama yake linaota magugu. Wiki ijayo nakuja na machela."

Daktari akamwambia damu ikitulia atamruhusu. Ikiwa bado inakimbia, akimtoa anampeleka kufa. Wakaachana hapo.

Wiki iliyofuata ilikuwa katikati ya kipupwe, asubuhi ya baridi na ukungu umefunika mlima. Mjomba Petri alikuja kweli, na vijana wanne na machela imeegemezwa kwenye ukuta wa wodi. Bibi Skola akaleta kichupa. Nikavuta damu, nikasimamisha mrija, nikamwacha bibi na kigoda chake maana nilikuwa na kazi wodini. Bwana Salumu alikuwa ameitwa chumba cha dawa. Saa ilipotimia nikarudi.

Damu ilikuwa imesimama juu. Wallahi, ningekuwa Mwislamu ningeapa hivyo. Wiki zote ilikuwa inaporomoka, leo imeshuka kidogo tu. Nilipiga kelele ya furaha. Bibi Skola akapiga magoti. Mjomba Petri akachungulia dirishani, akasema, "Si niliwaambia?" Na vijana wake wakaanza kufungua kamba za machela.

Bwana Salumu akaingia. Hakuutazama mrija. Alitoka, kama desturi yake, akaenda wodini kumtazama Agata, akarudi uso umekunjamana. "Shingo yake inapiga vilevile," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mapigo yanakwenda mbio amelala. Huyu msichana hajatulia." Ndipo akauinamia mrija. Akaupitishia kidole ubavuni.

"Anselmi, kwa nini kioo kina maji?"

 Tukatazama chini, sakafuni pana matone. Tukamtazama bibi. Alikuwa na kitambaa mkononi, kimelowa.

Hakuona haya hata kidogo. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. "Nimeipoza, mwanangu. Mlisema damu inawaka. Mtoto akiwaka homa si unamkanda kwa kitambaa cha maji? Nimechota maji ya mtungi, nimeukanda mrija polepole mpaka ukatulia. Mtoto analia kila siku anataka nyumbani, ningefanya nini? Nimeipoza imepoa."

 Maana kweli, vijana, baridi inaifanya damu izame polepole. Bibi alikuwa ameupoza mrija, na huku nje watu walikuwa wanaandaa machela.

Nilidhani Bwana Salumu atafoka. Mimi ningefokewa mpaka Dumila ikasikia. Lakini alichuchumaa mbele ya kigoda mpaka macho yake yakalingana na ya bibi.

"Mama, kukanda kwako ni kwa mapenzi, na kumekiponya kioo. Hebu tumtazame mtoto."

Akamwita mjomba aingie ndani. Akatuma kutolewa damu nyingine, bibi mwenyewe akaibeba. Nikavuta mirija miwili kutoka kichupa kimoja. Mmoja akampa Bibi Skola. "Huu ukande, mama, kama ulivyofanya." Mwingine akausimamisha wazi, bila kitu. Tukakaa. Mjomba Petri alisimama mlangoni amekunja mikono, anataka kuonyesha kwamba hana muda, lakini macho yake hayakuondoka pale. Bibi anachovya kitambaa, anakanda, huku midomo inasali.

Hatukungoja hata saa iishe. Mrija wa wazi ulianza kuonyesha maji ya manjano juu, yakarefuka, yakarefuka. Damu inaporomoka kama kawaida yake. Mrija wa bibi uko juu, mwekundu, umetulia.

"Mjomba," Bwana Salumu akasema, "msichana mmoja, mkono mmoja, kichupa kimoja. Huu uliokandwa uko hapa mezani tu. Yule aliyelala wodini ni huu unaoanguka. Ukimpandisha mlimani leo, unampandisha na huo."

 Aliyejibu ni bibi. Kitambaa kilimdondoka, akabaki anatazama ile damu iliyokuwa inaanguka, na machozi yakamtoka bila sauti. "Nilitaka kumfurahisha," akasema. "Nilikuwa namuua kwa mikono yangu." Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akasimama, na alipogeuka kwa mwanawe alikuwa mtu mwingine.

"Petri, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilipovunja ungo walinifungia ndani mpaka nikasahau sura ya jua. Nililia sana. Nani alinifungulia? Hakuna. Mwali hatoki kwa sababu amelia, anatoka siku yake ikifika. Huyu ni mwali wa hospitali. Beba machela yako urudi."

"Na siku yake nani anaijua, mama?"

Bibi akaunyooshea mrija kidole. "Huyo."

Mjomba Petri akaondoka, na machela yake tupu. Nilimwonea huruma, maana njia ile ya kupanda ni ndefu ukiwa umebeba mtu, na ndefu zaidi ukiwa hujabeba.

Kuanzia hapo wodi ile haikuwa wodi tena. Bibi Skola alitundika shuka kuzunguka kitanda cha Agata, na Agata akawa mwali kweli. Hashuki, halii, haonekani ovyo. Bibi anamwimbia kwa sauti ndogo, anamfundisha yale anayofundishwa mwali, ambayo mimi mwanamume siyajui na sikuuliza. Wanawake wa vitanda vya jirani wakajiunga, kila mmoja na somo lake, Waluguru na wasio Waluguru, Wakristo na Waislamu. Wanaume wote wa hospitali tuliambiwa tukohoe kabla ya kuingia. Daktari naye alikohoa. Nilimsikia siku moja anakohoa mlangoni mpaka nikadhani anaumwa. Na Agata, aliyekuwa akililia nyumbani kila asubuhi, akaanza kujivuna. Si kila mwali analindwa na daktari.

Damu ikaanza kupungua kasi. Wiki moja kidogo, wiki nyingine ikarudi nyuma kwa sababu alipata mafua, kisha ikapungua tena. Bibi hakugusa mrija tena. Alikihamisha kigoda chake mpaka ukutani, akakalia mikono yake, na mtu akifungua dirisha upepo uingie, anamfokea kuliko Bwana Salumu.

Mpaka ikaja siku ambayo sitaisahau. Bibi Skola aliingia bila kichupa mkononi. Nikashtuka. Akaingiza mkono kifuani chini ya kanga, akakitoa, cha moto kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Nimekilalia njia nzima," akasema. "Leo kisije kikapata baridi kikanidanganya. Kama inawaka, iwake mbele yangu."

Bwana Salumu alipima meza kwa timazi. Akaenda kumtazama Agata, akarudi, akaniashiria nianze. Nikavuta, nikasimamisha. Tulikaa watatu, na saa ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye chumba kile. Maji ya manjano yalitokeza juu, membamba kama uzi, yakakaa hapohapo. Damu ile ya moto, iliyotoka kifuani kwa bibi, iligoma kushuka.

Bibi Skola alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mwanangu, umeufanya nini mrija huu?"

"Sijaufanya kitu, mama," nikamwambia. "Damu umekuja nayo mwenyewe."

Akarudi kwenye kigoda, akafunika uso, akalia, na safari hii alilia kwa sauti. Bwana Salumu aliniambia nikachemshe sindano, ingawa zilikuwa zimeshachemshwa, na mimi nilikwenda kwa sababu naye alikuwa anataka kufuta macho yake bila mimi kumwona.

Daktari alirudia kipimo wiki iliyofuata, akaridhika. Mjomba Petri akaitwa. Hakuja na machela. Alikuja na shangazi na wanawake wengine wa mlimani, wakamvisha Agata kanga mpya, na mjomba akamwinua akamweka mabegani mwake kama mwali anavyotolewa, maana daktari alisema asitembee mbali. Vigelegele vilianza wodini vikatoka nje, wagonjwa waliokuwa wanaweza kusimama wakasimama, na Bwana Salumu, mtu mkali yule, alisimama mlangoni kwa maabara na kofia yake iliyonyooka anapiga makofi nje ya mapigo ya ngoma. Nilimcheka. Alinifokea siku iliyofuata, lakini si sana.

Moyo wa Agata ulikuwa na kovu, hilo daktari aliwaambia wazi. Kuni nzito hapana, na akiolewa, mtoto mmoja, ajifungulie hospitalini. Niliposikia hayo nilimtazama Mjomba Petri usoni nikidhani ataanza tena ugomvi. Akasema, "Daktari asikilizwe," na akayarudia kwa Kiluguru kumwambia bibi, asije akasema hakusikia.

Miaka kadhaa ikapita. Siku moja ya soko, mlango wa maabara ukafunguliwa bila hodi, akaingia Bibi Skola, amezeeka, mgongoni amebeba mtoto mchanga. Nyuma yake Agata, mnene, anahema kidogo kwa ngazi, anacheka. Nikauliza nani anaumwa.

"Haumwi mtu," bibi akasema. Akamfungua mtoto, akamgeuza tumuone. Alikuwa wa kike.

Bwana Salumu alikuwa mzito wa maneno mazuri, kwa hiyo alitania. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye sinia la sindano. "Mama, tumpime na huyu?"

"Thubutu!" Bibi Skola akamvuta mtoto kifuani. "Huyu humtoi hata tone."

Kisha akacheka mpaka meno yake machache yote yakaonekana, na akamweka mtoto mikononi mwa Bwana Salumu, akae naye wakati yeye anapumzisha mgongo.